Siku Mkufunzi Alipouliza Uko Wapi

Ndugu yangu Gidobat,

Salamu naziweka mwanzoni kama tulivyofundishwa, ingawa sijui zitakukuta nchi gani. Mimi ni mzima. Kule Gitting baba na mama ni wazima, viazi vimekubali mwaka huu, na mama hajaacha kukuulizia. "Yule kijana mrefu wa Mogitu, aliyemaliza sahani tatu za makande, siku hizi yuko wapi?" Namjibu kwamba umekwenda kusini na ng'ombe. Ndivyo wanavyosema mnadani. Mmoja anasema alikuona Singida, mwingine anaapa umeshavuka mpaka Rufiji.

Kwa kuwa sina anwani yako, barua hii nimeinakili mara nne na hakuna nakala nitakayoitia kwenye bahasha. Moja inakwenda kwa kaka yako Mogitu. Nyingine nampa dalali wa ng'ombe wa mnada wa Katesh, na ya tatu dereva wa lori la vitunguu anayefika mbali kuliko wote ninaowajua. Ya nne nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule niliyopangiwa. Yeyote anayejua ulipo na akusomee. Najua watakaoisoma kabla yako ni wengi, na watanijua nilivyo kabla sijafundisha hata kipindi kimoja.

Jumatatu naanza kazi.

Unakumbuka tulivyokutana? Ilikuwa kwenye foleni ya magodoro pale chuoni, mwaka ule mkoa wetu ulikuwa mpya, makarani bado wanaandika "Arusha" halafu wanakata kwa kalamu na kuandika "Manyara" juu yake. Ulikuwa mbele yangu. Ulipopewa godoro lako ulilala juu yake palepale kwenye nyasi, miguu ikapita mwisho, ukasema kwa sauti, "Jamani, mimi nimekuja kwa ajili ya hili. Kama kuna masomo pia, ni sawa tu." Foleni nzima ikacheka. Nami nilicheka, lakini nilikasirika kidogo. Niliona unautania ualimu.

Kwa sababu mimi, Gidobat, ualimu nimeutaka tangu darasa la pili. Nilikuwa nasimama mbele ya mahindi ya baba na kijiti mkononi, nayaita majina, mahindi yaliyoinama nayachapa. Wewe uliniambia ulianza kusoma umri umekwenda, kwa sababu ulikuwa unachunga, na kwamba ualimu haukuuchagua. Serikali ilifuta ada, watoto wakajaa madarasani, walimu hawakutosha, wakaitwa wenye alama kama zetu. "Nimeitwa, nimekuja," ulisema. Mimi kwangu niliona kama mtu amepewa mke niliyemposa miaka kumi.

Wivu wangu ulianza hapo, na mwanzoni ulikuwa mdogo. Nilikuwa naamka kabla ya kengele kuandika andalio la somo kwa wino wa rangi mbili. Wewe uliandika lako ukiwa unapiga mswaki. Tulipofundishana wenyewe kwa wenyewe, mimi nikiwa mbele wenzetu walichora pembezoni mwa madaftari. Ukisimama wewe, kalamu zinalala. Hata madam, yule mkufunzi wetu wa hisabati asiyecheka, nilimwona siku moja ameegemea dirisha kukusikiliza, chaki ameisahau mkononi.

Tulipopangwa wawili wawili kwa mazoezi ya kufundisha, jina langu na lako yalikuwa mstari mmoja. Yaeda Chini. Ulifurahi kama mtoto. Mimi niliomba nibadilishiwe na nikakataliwa. Hili sikukuambia.

Unakumbuka tulivyoteremka ule mteremko kwa miguu, gari limeshindwa, wewe umebeba begi lako na langu, mimi nimebeba karatasi za manila nikihofia zitakunjika? Mwalimu Bura, mwalimu mkuu, alitupokea kwa uji akatupa stoo ya mahindi tulale. Mzee yule alituambia kitu kimoja tu kuhusu darasa la kwanza: "Kuna kabinti humu, anaitwa Ester. Jina nimemwandika mimi, la kwao siliwezi. Ni wa Wahadzabe wa kule vichakani. Tangu aandikishwe hajatamka neno. Msimlazimishe."

Mimi nikajiambia, huyu ndiye atakayesema kwa sababu yangu.

Nilimpa wiki mbili zangu zote. Nilimchorea tembe, asali, ndege. Niliinama mpaka usawa wa macho yake na kumwambia polepole, "Sema moja. Moja." Alinitazama kama unavyotazama mvua ya mbali. Watoto wengine walikuwa wanaitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimuuu," na nikigeuka sikuona aliyeelewa. Ulipofundisha wewe walikuwa wanabishana nawe. Nilijifariji kwamba ni lugha tu, wengi wao ni watoto wa wafugaji Wadatoga kama wewe, unawatupia neno la Kidatoga wanachangamka. Nilishikilia hiyo faraja kama mlevi anavyoshikilia mlango.

Halafu ikaja ile Jumatano. Nilikuwa nimekaa nyuma na fomu ya kukutazama. Ukaandika ubaoni tatu kujumlisha mbili, ukaweka sawasawa, ukaandika sita. Ukarudi hatua mbili nyuma, mikono kiunoni, ukaiangalia kazi yako kwa fahari. "Nimeweza, eh?" Darasa kimya. Mwalimu hakosei. Ukaanza kupanguza mikono kama mtu aliyemaliza. Ester akasimama. Alitembea katikati ya wenzake, akafika ubaoni, akafuta ile sita kwa kiganja chake, akageuka akakutazama.

"Tano," akasema.

Hukumpigia makofi. Ulijishika kichwa, ukasema, "Afadhali upo, ningeaibika mbele ya mwalimu Damiano." Darasa likacheka, yeye akacheka. Huna neno hata moja la Kihadzabe, Gidobat. Faraja yangu iliisha siku ile. Kwenye fomu, mahali palipoandikwa "Maoni", niliandika: "Mwalimu ajitahidi kuepuka makosa ya ubaoni." Uliisoma jioni ukacheka mpaka ukaanguka kwenye magunia. Ulidhani natania.

Kesho yake nikajaribu hila yako darasa la pili. Nikaandika nne kujumlisha nne ni tisa, nikasubiri. Wote waliinama wakaandika tisa kwenye madaftari yao.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nimelizungukia vya kutosha.

Ester hakuja shule siku tatu. Tukasikia kambi yao imehama kufuata chakula upande wa vilima. Asubuhi ile, nyota bado zinaonekana, ulikuwa unafunga kamba za viatu. Ulisema, "Naenda kuwatafuta. Nikiongea na baba yake, anaweza kumwacha kwa shangazi yule anayekaa karibu na zahanati." Nikakukumbusha kwamba mkufunzi anaweza kuja wiki hii. Ukasimama mlangoni. Maneno yako ninayo kama yalivyo: "Akifika, mwambie nimemfuata mwanafunzi. Mwambie anisubiri kidogo, kabla ya saa nne nimerudi." Nikasema, "Sawa." Ukaamini, ukaenda.

Madam alifika saa tatu na gari la chuo. Alikaa kwenye somo langu tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilifundisha vizuri, zana zangu zote zilikuwepo. Akanipa alama nzuri, lakini alipofunga daftari aliangalia mlangoni, na uso wake ukapata uhai ambao haukuwa nao wakati wa somo langu. "Haya," akasema, "nimekuja mbali nimwone na yule mrefu. Mwenzako yuko wapi?"

Angeuliza tu bila ule uso, nadhani ningejibu. Sina hakika. Nilifungua mdomo nikiwa na jibu lako tayari, nikasema, "Sijui, madam."

"Hujui? Mnalala chumba kimoja."

"Niliamka sikumkuta."

Alingoja mpaka saa tano. Mwalimu Bura alikuwa ameitwa kwa mtendaji wa kata, hakuna mwingine wa kuuliza. Mawingu yakajikusanya upande wa juu, dereva akaanza kulalamika kwamba makorongo yakijaa watalala huku. Madam akaandika neno moja kwenye fomu yako, akapanda gari. Nililiona lile neno. Utoro.

Uliingia saa nane, umelowa mpaka magotini, na watoto watatu nyuma yako. Ester alikuwa mbele yao. Ulikuwa umechoka na unacheka.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Matokeo ya mazoezi yalipobandikwa chuoni tulisimama pamoja mbele ya ubao. Kwako waliandika kwamba hukufaulu, sababu ni utoro kituoni, unaweza kurudia na kundi litakalofuata. Ulisoma mara mbili. Ukaniuliza tena, taratibu, bila hasira, "Damiano, ulimwambia kweli?" Nikakuangalia usoni. "Nilimwambia. Labda hakupenda kuandika."

Nilikuona unavyoamini. Ndicho ninachokiota mpaka leo, kuliko hata ule uongo mwenyewe. Ulitikisa kichwa kama mzee aliyesikia habari anayoijua. "Basi," ukasema. "Mmang'ati ni mtoro hata akiwa darasani. Nikienda kubisha nitaongeza ugomvi tu." Baba yako alikuwa ameyaona madharau hayo ya jina tunalowapa Wadatoga kwenye malisho, babu yako aliyaona kabla yake, na sasa ukadhani umeyaona wewe kwa madam, ambaye alisafiri siku nzima kwa hamu ya kukusikia. Nilikunyang'anya cheti, na juu yake nikakufundisha kuwadharau watu ambao hawakukudharau.

Nilikusaidia kufunga begi. Mkono wangu ndio uliovuta zipu. Pale kituoni ulinishika bega ukasema, "Wewe utakuwa mwalimu mzuri. Una mpangilio." Hata siku ile nilichukia. Nilitaka uniambie kitu kingine, kitu ambacho watu walikuwa wanakuambia wewe.

Niliyokosa kukuambia tangu hapo ni haya. Nilimaliza. Nikakaa nyumbani nikisubiri kupangiwa, nalima viazi, naota darasa. Nilijua kabisa nitakavyokuwa. Natumaini watoto wangu watabishana nami. Natumaini siku moja mtoto atainuka bila kuitwa, aje ubaoni afute nilichoandika. Natumaini nikiugua waulize niko wapi, na nikirudi wakimbie hadi barabarani. Usiku wa jana nimeyaandika matumaini yangu kwenye daftari, na nilipoyasoma nikaona kila moja lina sura yako. Mtu anakaribia kuanza kazi aliyoililia maisha yake yote, na hata ndoto zake ameziazima kwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemfukuza.

Barua ya kupangiwa ilikuja mwezi uliopita. Mama aliifungua kwa kisu cha jikoni asiichane. Baba akasoma kwa sauti, akafika kwenye jina la shule, akasema, "Si kule kule mlikokwenda na mwenzako?" Nikatoka nje. Mama alinifuata. Nikamweleza yote pale kwenye viazi. Alisikiliza huku anang'oa magugu. Nilipomaliza akasema, "Na bado nilikuwa namwombea mtu asiye na kosa asamehewe utoro." Siku mbili hakuniita jina.

Siku ya tatu nikapanda basi mpaka chuoni. Madam alikuwa anasahihisha. Nikamwamkia, "Shikamoo madam," akaitikia, nikamwambia nikiwa nimesimama: nilijua ulikokwenda kumfuata mwanafunzi, ulinituma nimweleze, sikumweleza. Aliweka kalamu chini.

"Kwa nini umekuja leo?"

"Nimepangiwa shule ileile."

"Kama ungepangiwa kwingine ungekuja?"

"Sijui, madam."

"Hilo neno," akasema, "umelizoea."

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Yule mtoto, alimpata?" Nikamwambia ulimpata, ukawaleta watatu. Akageuza uso dirishani. Akasema ataandika kwa mkuu wa chuo rekodi yako irekebishwe, lakini mazoezi lazima uyafanye, hawezi kukupa alama za somo ambalo hakuliona. Uje mwenyewe chuo kitakapofungua, kundi jipya likipangwa. "Mwambie namhitaji aje kabla hawajapangwa," akasema. "Na wewe nitakuandikia barua, itakaa kwenye jalada lako." Nikamwambia sawa. Ilikuwa "sawa" ya kwanza niliyotimiza kwenye jambo hili.

Kwa hiyo mlango uko wazi, Gidobat. Hiyo ndiyo habari. Hakuna aliyekudharau pale isipokuwa mimi, na mimi sikukudharau. Nilikuonea wivu, mpaka wivu wenyewe ukanila.

Nimeripoti juzi. Shule imebadilika, wanakijiji wamefyatua matofali, madarasa mawili mapya yamesimama, la tatu linangoja bati. Madawati bado hayatoshi. Nilimpa Mwalimu Bura barua hii aisome kabla sijaibandika, kwa kuwa ubao ni wake. Alivaa miwani akaisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa.

"Kwa hiyo nilimkemea bure yule kijana," akasema. "Nilirudi kutoka kwa mtendaji nikasikia mkufunzi hakumkuta, nikamwita hapa, nikamwambia ameiaibisha shule. Aliinamisha kichwa tu."

Hilo sikulijua. Hukuniambia.

"Nibandike, mwalimu mkuu?"

"Bandika. Ila usiiweke juu sana. Wa darasa la sita nao wanajua kusoma."

Ndivyo itakavyokuwa. Wazazi wataniuliza, watoto watanong'ona, na mimi nitaingia darasani hivyo hivyo.

Jana niliwakuta watoto wanachota maji. Ester yuko darasa la pili sasa, amerefuka, ameng'oka meno mawili ya mbele. Nilimtambua kabla hajanitambua. Niliharakisha hatua, nikajisikia natabasamu, nikadhani, labda huyu atanikimbilia. Alitua ndoo. "Shikamoo mwalimu," akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu. Nikaitikia, "Marahaba, Ester." Akatazama nyuma yangu, barabara yote mpaka inapokata kona.

"Mwalimu Gidobat anakuja lini?"

Ule wivu ukanichoma palepale pa zamani. Mwaka mzima wa kujuta, Gidobat, na kitoto kimoja kinauliza swali la haki, nami najisikia kama mtu aliyeibiwa. Nimeandika hili usije ukadhani nimekuwa mtu mwingine. Nikamwambia, "Nimemwandikia." Akaniuliza nimeandika nini. Nikamwambia ni barua ndefu. Akasema, "Basi tutasubiri," akainua ndoo yake akaenda.

Ukiipata barua hii, pita chuoni kwanza, kwa madam. Ukimaliza hapo, mwombe akupange huku, hatakataa. Mteremko umeharibika zaidi ya ulivyouacha. Gari likikataa kwenye korongo la pili, shuka, usimngoje dereva. Nyumba niliyopewa ni ya mwisho kabla ya uwanja, ina vyumba viwili. Leo nimekifagia kile cha pili. Nilipokuwa nafagia niliomba usije. Nilipofika mlangoni na takataka niliomba uje. Yote mawili niliyasema kwa moyo, na kitanda nimeshakifunga kamba, kirefu cha kutosha miguu yako.

Kaa salama huko uliko, wewe na mifugo yako. Nisalimie walio nawe.

Mwenzako wa stoo ya mahindi,
Damiano